Kifaru Kilipimwa Kila Kona, Askari Akaambiwa Apande Lori

Kazi yangu ni eksirei. Kila asubuhi kabla sijamwita mgonjwa wa kwanza navaa eproni ya madini ya risasi, nabandika kibeji kifuani, na kile kibeji kila baada ya miezi kadhaa kinapelekwa kusomwa ili ijulikane mwili wangu umekula mionzi kiasi gani. Kuna mwaka mmoja, sehemu niliyokuwa nafanya kazi, vibeji vyetu vilikaa kwenye droo zaidi ya miezi sita bila kupelekwa popote, na nilipouliza nikajibiwa usiwe na wasiwasi, kuta za chumba hiki ni nene. Lile jibu halikunitoka. Kuta nene ni jambo jema, ila ukuta hauwezi kuniambia mimi nimepata kiasi gani. Tangu hapo nimesoma sana jinsi majeshi yalivyopanga majaribio ya kinga ya mionzi kwenye milipuko ya nyuklia miaka ya 1940 mpaka 1960, na kila nikisoma nakutana na jibu lilelile la kuta nene, tofauti ni kwamba huko waliojibiwa hivyo ni maelfu ya vijana waliochuchumaa mahandakini kilomita chache kutoka kwenye bomu la atomiki.

Watu wengi wakisikia habari hizi wanafikiri majenerali walikuwa hawajui wanachofanya, waliwatupa tu watu jangwani. Mi sikubaliani. Mipango ile ilikuwa kazi ya watu makini sana, mita zimehesabiwa, dakika zimehesabiwa, upepo umehesabiwa. Shida haikuwa hesabu, shida ilikuwa swali. Mkuu wa jeshi alitaka kujua kama askari aliyejikinga handakini au ndani ya kifaru anaweza kuinuka baada ya mlipuko akasonga mbele kupigana. Hilo ndo lilikuwa swali. Hakuna aliyeuliza huyu kijana akifika miaka 50 damu yake itakuwaje, na kwa vile halikuulizwa hakukuwa na fomu ya kuliandikia, hakukuwa na kipimo cha kulipima, hakukuwa na ofisa wa kulifuatilia.

Ngoja niseme kidogo kuhusu mionzi yenyewe maana bila hapo hoja haishiki. Bomu la nyuklia linatoa mionzi kwa awamu mbili. Ya kwanza inakuja ndani ya dakika moja tangu mlipuko, gama (miale kama ya eksirei ila kali zaidi) na nyutroni (chembe zinazotoka kwenye viini vya atomu). Ya pili ni ile inayobaki kwenye vumbi na kwenye udongo. Gama unaizuia kwa uzito: kwa gama ya vumbi, kila sentimita 6 hivi za zege zinakata mionzi nusu, udongo ulioshindiliwa sentimita 9, chuma chini kidogo ya sentimita 2, risasi sentimita 1 tu. Kwa hiyo udongo wa sentimita 90 unakata nusu, halafu nusu ya nusu, mara kumi, mwisho inapita kama sehemu moja kwa elfu. Ndo maana handaki ni kitu cha maana kweli na silidharau hata kidogo. Gama ya mlipuko wenyewe ina nguvu zaidi, inataka unene zaidi ya huo. Nyutroni sasa ni habari nyingine kabisa, chuma peke yake hakizisumbui sana, zinataka kitu chenye haidrojeni nyingi kama maji au udongo wenye unyevu, na zikinaswa zinazaa gama nyingine palepale. Halafu kuna hili ambalo watu hawalifikirii, handaki liko wazi juu. Mionzi inagonga hewa, inatawanyika, inashuka kutoka angani, kwa hiyo aliyeinama chini ya usawa wa ardhi amekwepa ile njia ya moja kwa moja tu, inayozunguka kutoka juu bado inampata.

Sasa twende Australia. Tarehe 15 Oktoba 1953, sehemu inaitwa Emu Field, Waingereza walilipua bomu la kama kilotani 10, yaani nguvu ya tani 10,000 za baruti ya TNT, kwenye jaribio walilolipa jina Totem. Kama mita 460 kutoka kwenye mnara wa bomu waliegesha kifaru aina ya Centurion, namba yake 169041, injini inanguruma, risasi zimejaa ndani, milango imefungwa. Baada ya mlipuko wakakikuta kimesukumwa kama mita moja na nusu, antena hazipo, taa na vioo vimekwaruzwa na mchanga, injini imezima, na kifaru kikawashwa kikaendeshwa kutoka pale. Wakahitimisha kwamba kingekuwa na watu ndani, wimbi la mlipuko lingewaua. Kile kifaru kikarekebishwa, kikarudi jeshini, mwaka 1969 kikapigana Vietnam, baadaye kikawekwa kwenye kambi ya jeshi kule Darwin kama kumbukumbu. We fikiria, kipande cha chuma kina historia kamili hivyo, umbali kilipokaa unajulikana, sentimita kilizosogea zinajulikana, kila kilichovunjika kimeandikwa.

Nevada ndo palikuwa na mipango mikubwa zaidi ya kuhusisha watu. Jeshi la Marekani lilifungua kambi ya Desert Rock mwaka 1951, na tarehe 1 Novemba mwaka huo askari wakawekwa kama kilomita 11 kutoka kwenye mlipuko wa kilotani 21. Umbali ule uliwekwa kwa usalama na wanajeshi hawakuupenda, walisema vitani huwezi kumweka askari kilomita 11 halafu utegemee atumie ile nafasi ambayo bomu limefungua kwenye safu ya adui. Kwa hiyo mwaka 1952 wakaomba kusogea. Tume ya Nishati ya Atomiki ya Marekani, ambayo ndiyo ilikuwa na dhamana ya uwanja, ilikuwa na madaktari waliopinga, mmoja wao Shields Warren. Mwisho wakakubaliana kwa namna ambayo mimi naiona ndo mzizi wa mambo yote: tume ikaruhusu, na jukumu la usalama wa askari likabaki kwa jeshi lenyewe. Yaani anayetaka kusogeza watu karibu ndo huyohuyo anayeamua karibu ni wapi.

Angalia kilichotokea kwenye namba. Kikomo cha tume kwa watu wake kilikuwa remu 3.9 (remu ni kipimo cha zamani cha dozi ya mionzi) kwa wiki 13. Mwaka 1953 jeshi likajiwekea remu 6 kwa askari wa kawaida, ndani ya hizo zisizidi 3 zinazotokana na mlipuko wenyewe, na kwa maofisa waliojitolea remu 10, zisizidi 5 za mlipuko. Kwa vipimo vya leo remu 6 ni milisieveti 60, na sisi tunaofanya kazi na mionzi kikomo cha kimataifa ni wastani wa milisieveti 20 kwa mwaka. Sisemi remu 6 inaua mtu, haiui, mtu hatasikia hata kichefuchefu. Na hapo ndipo ule mpango ulipojiona umefaulu, kwa sababu askari alinyanyuka, akakung'uta mavumbi, akatembea.

Hao maofisa waliojitolea ndo wananiumiza kuliko wote. Walikuwa watu wachache wenye elimu, na kila mmoja alifundishwa kupiga hesabu ya athari za bomu mpaka aweze kujipangia mwenyewe umbali wa handaki lake. Kwenye mlipuko ulioitwa Nancy, Machi 1953, walikaa kama kilomita 2.3. Mwezi uliofuata kwenye Badger na Simon wakasogea mpaka kama kilomita 1.8. Simon tarehe 25 Aprili ukatoka na kilotani 43, zaidi ya ilivyotarajiwa. Mtu anapiga hesabu ya kinga yake kwa bomu la ukubwa fulani, halafu bomu linakuja kubwa kuliko lile la kwenye karatasi yake, na yeye yuko chini ya ardhi tayari. Na vibeji vyao vilikuwa vya filamu, vinasoma gama, nyutroni hazikuandikwa humo, wakati kwa umbali ule nyutroni si kitu cha kupuuza. Watu wenye ujuzi kuliko wote pale uwanjani walikuwa hawana namna ya kujua nusu ya kilichowapata.

Askari wa kawaida ndo kabisa. Mara nyingi kibeji kilikuwa kimoja kwa kundi zima, anavaa mmoja, wengine wanahesabiwa wamepata sawa na yeye. Mtu yeyote aliyewahi kukaa chumba cha mionzi anajua hilo haliwezekani. Ukisimama hatua mbili nyuma yangu dozi yako na yangu hazifanani. Na baada ya mlipuko hawakubaki handakini, walitembea kuelekea pale bomu lilipolipukia, mara nyingine wakafika mita mia kadhaa tu, wakaangalia magari yaliyoungua na mahandaki yaliyobomoka, wakati ambao mionzi ya vumbi iko juu kabisa. Kuna kanuni rahisi ya vumbi la mionzi, muda ukizidi mara saba nguvu inashuka mara kumi. Kama saa moja baada ya mlipuko ni 1,000, saa ya saba ni 100, baada ya siku mbili ni 10. Kwa hiyo kinga kubwa kuliko zote, bora kuliko udongo, bora kuliko chuma, ilikuwa ni kusubiri. Mpango wa kivita haukuwa na nafasi ya kusubiri. Kusafishwa kwao ilikuwa ni kupigwa mifagio nguo na viatu, vumbi lidondoke, halafu wapande malori warudi kambini. Mfagio unatoa vumbi la nguoni, lile lililovutwa kwenye mapafu mfagio haulifikii, na kibeji hakilisomi.

Na hili halikuwa somo jipya, walishalipata mapema, tena kwa gharama. Julai 1946 huko Bikini, kisiwa cha bahari ya Pasifiki, jeshi la wanamaji la Marekani lilipanga meli zaidi ya 90 na kuweka ndani yake mbuzi, nguruwe na panya, waone deki na kuta za chuma zinakinga vipi. Mlipuko wa pili, Baker, tarehe 25 Julai, ulikuwa chini ya maji, ukanyanyua bahari ukaimwaga juu ya meli. Wakaingia mabaharia na sabuni, brashi na mipira ya maji kusugua. Vumbi la mionzi halikutoka. Daktari aliyesimamia usalama wa mionzi, Stafford Warren, akapigana mpaka usafishaji ukasimamishwa tarehe 10 Agosti, na jaribio la tatu likafutwa. Unaona somo lilivyokuwa wazi? Chuma kinakukinga na mionzi inayotoka nje yake. Sumu ikishakaa juu ya chuma chenyewe, we uliye ndani unalala nayo. Miaka mitano tu baadaye Nevada wanapanga tena kana kwamba mionzi ni mwanga unaopita mara moja ukaisha.

Kuhusu nguruwe wa Nevada nitapita haraka. Mwaka 1957 kwenye mfululizo ulioitwa Plumbbob walitumia mamia kwa mamia ya nguruwe, wengine walishonewa mavazi ya vitambaa vya kijeshi kwa sababu ngozi ya nguruwe inafanana na ya mtu, wapime kitambaa kipi kinazuia kuungua. Matokeo yao yaliandikwa mnyama kwa mnyama. Naona uchungu kulisema hili lakini ni kweli, kwenye uwanja uleule, mwaka uleule, nguruwe alikuwa na rekodi ya peke yake na askari alikuwa na rekodi ya kundi.

Waingereza nao huko Maralinga, Australia, mwaka 1956 waliwapeleka maofisa wa Uingereza, Australia na New Zealand kwenye eneo lenye vumbi la bomu, wakawatembeza na kuwatambaza wakiwa na mavazi tofauti. Mwaka 2001 wizara ya ulinzi ya Uingereza ilipokubali kwamba hilo lilifanyika, utetezi ulikuwa kwamba kilichokuwa kinajaribiwa ni nguo, si watu. Mi naamini walisema kweli. Na ndo tatizo lenyewe hilo. Nguo ilikuwa inajaribiwa, aliyekuwa ndani ya nguo hakuwa sehemu ya swali, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kumfuatilia akishaivua.

Warusi hawakuwa nyuma. Tarehe 14 Septemba 1954 kule Totskoye, chini ya Marshal Zhukov, bomu la kilotani 40 lilidondoshwa na ndege likalipuka mita 350 juu ya ardhi, askari kama 45,000 wakiwa kwenye mazoezi, wanyama wakiwa wamefungwa mahandakini na kwenye vifaru kwa umbali tofauti tofauti, na waliohusika wakafungwa mdomo kwa miaka 25. Na Wafaransa wakaja kwetu Afrika. Februari 1960 bomu lao la kwanza lililipuka Reggane, jangwa la Sahara la Algeria, kilotani 70, na Kwame Nkrumah akajibu kwa kuzuia mali za Wafaransa nchini Ghana. Tarehe 25 Aprili 1961, kwenye jaribio la nne pale Reggane, wakawapitisha askari wao kwenye mazoezi karibu na eneo la mlipuko, wengi wao vijana waliokuwa wanatumikia jeshi kwa mujibu wa sheria. Wenyeji wa maeneo yale hawakuwa na handaki wala kibeji. Na ndugu zetu wa Katanga wakumbuke kwamba hii habari ina mguu kwao, madini ya urani ya Shinkolobwe ndiyo yaliyolisha sehemu kubwa ya kazi ya mabomu ya kwanza ya Marekani, na wachimbaji wa pale wala hakuna aliyewapangia kinga.

Sasa kuna watu wataniambia ilikuwa enzi ya vita baridi, kila upande uliamini mwingine unakuja na mabomu, jeshi lisingeweza kupeleka watu vitani bila kujua handaki linafanya kazi. Hiyo hoja naiheshimu. Ukinihoji kama jaribio la kinga lilihitajika nitakwambia ndiyo. Lakini handaki linapimwa kwa vipima mionzi na kifaru kinapimwa na wanyama au kwa vyombo, na walikuwa navyo. Tena walionyesha wenyewe kwamba inawezekana. Mwaka 1962 hukohuko Nevada walisimamisha mnara wa mita 465, wakapandisha juu yake kinu kidogo cha nyuklia kisicho na ukuta wa kinga, na chini wakajenga nyumba za mfano wa Kijapani ili wajue ukuta na paa la nyumba ya Hiroshima vilizuia kiasi gani. Hesabu zile zikaunganishwa na maelezo ya manusura, kila mtu alikuwa amesimama wapi, dirishani au ukumbini, ameelekea wapi. Kwa jasho lile la miaka mingi ndo tunajua mengi ya yale tunayoyajua leo kuhusu dozi na saratani, pamoja na vikomo vinavyonilinda mimi. Hakuna aliyehitaji kukaa ndani ya nyumba zile kinu kikiwaka.

Askari waliowekwa karibu hawakuwekwa ili handaki lipimwe. Waliwekwa ili waonwe. Wataalamu wa saikolojia walikuwepo, wakawahoji kabla na baada, wakawafundisha kwamba mionzi si ya kutisha kiasi hicho, kisha wakawapa maswali waone kama somo limeingia. Kipimo cha hofu kilikuwa na karatasi zake, kwa hiyo karatasi hazikuwa tatizo.

Halafu miaka ikapita. Watu wakaanza kuugua na kuuliza. Mwaka 1980 ukatoka utafiti kuhusu mlipuko wa Smoky wa tarehe 31 Agosti 1957, kilotani 44: kati ya washiriki 3,224 walikuta wagonjwa 9 wa saratani ya damu wakati walitegemea kama 3 au 4. Utafiti mkubwa zaidi wa 1985 ikabidi urudiwe kwa sababu orodha ya washiriki ilikuwa na makosa makubwa, wapo walioingizwa ambao hawakushiriki na wapo walioshiriki wakaachwa. Uliporudiwa na kutoka mwaka 2000, ukiwa na watu kama 68,000, vifo vya saratani ya damu vilikuwa juu kwa asilimia 14, ila kitakwimu haikutosha kusema kwa uhakika. Nataka kuwa mkweli hapa, ushahidi haupigi kelele upande wowote. Lakini ungepigaje kelele, wakati hata orodha ya nani alikuwepo ilikuwa haieleweki?

Kuna moto pia. Tarehe 12 Julai 1973 ghala la kumbukumbu za wanajeshi kule St. Louis liliungua, mafaili kati ya milioni 16 na 18 yakateketea, mengi ya watu wa jeshi la nchi kavu waliotoka kati ya 1912 na 1960. Kwa hiyo mzee anakuja kudai, faili halipo, kibeji hakuwa nacho. Wanachofanya ni kumtengenezea dozi upya kwa hesabu: kikosi chako kilikuwa wapi, saa ngapi, umbali gani, mlichukua muda gani kutembea. Na hizo taarifa kwa sehemu kubwa zinatoka kwenye amri na mipango ya zoezi. Mpango unasema mlisimama pale, kwa hiyo mlisimama pale. Mpango unasema mlikaa dakika 20, kwa hiyo 20. Karatasi iliyoandikwa kabla ya mlipuko na watu walioamua kwamba umbali ule ni salama inarudi baada ya miaka 30 kuwa shahidi dhidi ya mtu aliyekuwepo. Na huyo mtu mwenyewe sheria ilimzuia kusimulia, viapo vya siri vya waliohusika na majaribio ya nyuklia viliondolewa na bunge la Marekani mwaka 1996 tu, miaka 50 baada ya Bikini.

Fidia zimekuja, nazijua. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1988 inayotaja magonjwa ambayo askari wa majaribio akiyapata anahesabiwa yametokana na mionzi, bila kumlazimisha kuthibitisha dozi, na mimi naona hiyo ndo njia pekee ya haki kwa mtu ambaye hukumpima. Ufaransa ilipitisha yake Januari 2010, na Waalgeria waliofaidika nayo ni wachache mno kuhesabika. Ila kila zinapojadiliwa hizi sheria, utasikia wakubwa wakirudia kwamba dozi zilikuwa ndogo, nami swali langu ni lilelile nililouliza siku ile mbele ya droo: mmesoma kibeji cha nani?